Dawa ya Ukutani

Nimelala kwenye magodoro ya miji mingi, na sijapata moja la kulinganisha na pamba iliyomwagwa chumbani. Nyumbani kwetu Nkololo, msimu wa kuchuma ulipofika, chumba cha katikati kilijaa pamba mpaka usawa wa dirisha. Sisi watoto tulipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, tukajirusha humo. Mama alitufukuza kwa ufagio, akigeuka tu tumerudi. Tuliamka na nyuzi puani na masikioni. Wakati huo sikuwaza kwamba kuna watu mbali huko ambao siku moja wangeandika kwenye karatasi pamba ilale wapi.

Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka. Nimekaa Kahama, nimekaa Sumbawanga, nimekaa Tunduma mara mbili. Kila mahali nilikuwa mtu wa mwaka mmoja au miwili, kisha miguu inaanza kuwasha, na kila nilipohama nilikuwa naisimulia Nkololo kama vile ni nchi nyingine. Nimerudi nikiwa nimeshavuka arobaini. Sikuweza kukaa kijijini, nikapata kazi katika steshenari moja hapa Bariadi, karibu na stendi. Nachapa barua, natoa kopi, najazia watu fomu za mtandaoni.

Aliyebaki nyumbani ni dada yangu mkubwa. Ni mjane, analea wajukuu wawili, na analima pamba hai, yaani pamba isiyopigwa dawa ya dukani. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kijijini kujiunga na kundi la wakulima wake. Anatwanga majani ya mwarobaini, anachanganya na mkojo wa ng'ombe, anaacha siku kadhaa, kisha ananyunyiza. Majirani walimcheka sana mwanzoni, wakimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. "Mayu, leo pamba yako umeinywesha choo gani?" Yeye aliwajibu kwamba angalau pamba yake inajua choo kilipo. Miaka ikapita. Shamba lake likawa la mfano, wageni wakaletwa kuliona, wanawake wenzake wakaja kujifunza. Nembo ile inayobandikwa kwenye nguo huko zinakouzwa, yenye maana kwamba pamba haikuharibu ardhi wala maji, ilikuwa kwake kama cheti. Mimi cheti changu kilipotea Tunduma kwenye chumba cha kupanga. Cha kwake aliking'ang'ania.

Ndiyo maana siku afisa wa kampuni inayonunua pamba hai alipokuja steshenari kutoa kopi ya rasimu ya kiwango kipya, niliisoma kwa pupa. Ilikuwa ya Kiingereza, nene. Afisa alinieleza kwamba kiwango cha nembo kinapitiwa upya, na safari hii wakulima wenyewe wanaombwa maoni. Nilipofika kwenye kipengele cha uhifadhi nikasimama. Pamba isihifadhiwe katika jengo lolote lililopuliziwa kiuatilifu ndani ya mwaka mmoja. Hawakusema chumba, walisema jengo.

Kwetu kila mwaka kabla ya mvua hupita watu wa afya na mabomba mgongoni. Wanapuliza dawa-ukoko kwenye kuta za nyumba, mbu akitua afe. Wanamaliza, wanaandika mlangoni kwa chaki. Na nyumba ya dada ni jengo moja lenye vyumba vitatu, pamba katikati na watu pembeni.

Nilimweleza Jumapili hiyo hiyo. Alikuwa anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya mwamba.

"Kwa hiyo wanataka nikatae wapuliziaji?" akauliza.

"Au pamba ikae kwenye jengo lake peke yake."

Akaangalia upande wa lambo. Ilikuwa Septemba, udongo umekauka vizuri, watu wawili watatu walikuwa wanafyatua tofali kule. "Basi nianze kufyatua tofali. Nijenge kibanda."

"Usihangaike, dada. Wametaka maoni. Nitaandika."

"Wataelewa?"

"Hao ni watu wenye akili. Wakijua ni malaria watakibadilisha."

"Haya, msomi wetu," akasema, na akageuza michembe yake.

Maneno hayo machache ndiyo niliyompa. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko jambo lolote nililowahi kumwambia mtu.

Fomu ya maoni ilikuwa mtandaoni, na kila kipengele kilikuwa na kisanduku chake, na kisanduku kilikuwa kidogo. Dada alikuja mjini akakaa kwenye benchi la wateja, akanitajia la kuandika kwa Kisukuma, maana alisema Kiswahili chake hakitoshi kwa jambo zito. Alisema: waambie serikali inatuletea *bugota* ndani ya nyumba kwa ajili ya malaria. Waambie mjukuu wangu mmoja mwaka jana alikakamaa mikononi mwangu, nikakimbia naye kwenye bodaboda mpaka mjini. Waambie siwezi kukataa bugota, na pamba yangu haiigusi, imelala kwenye mkeka.

Bugota ni dawa. Nikaandika kwa Kiingereza cha kidato cha nne, nikihesabu herufi. Niliridhika. Nilimsomea kwa Kiswahili, akatikisa kichwa kukubali, nikabonyeza. Alinunua chumvi na sabuni akarudi nyumbani.

Wapuliziaji walipofika mwezi Novemba alinipigia simu. "Wako mlangoni. Niwaruhusu?"

"Waruhusu. Majibu yanakuja."

Nilisikia akiwaambia, "Ingieni, baba zangu, lakini msinimwagie unga."

Majibu yalikuja Januari. Afisa alinitumia kwenye simu, jedwali refu lenye maoni ya watu wa nchi nyingi na jibu kando ya kila moja. Nililitafuta letu kwa kidole. Lilikuwapo, neno kwa neno kama nilivyoliandika. Kando yake waliandika kwamba wanashukuru, kwamba kiwango hiki hakihusu matibabu ya binadamu, na kwamba hakuna badiliko.

Nilisoma mara tatu kabla sijaelewa. Kiingereza kina neno la dawa unayomeza na neno jingine kabisa la dawa ya kuulia wadudu. Nilifundishwa yote mawili. Kiswahili kina dawa, Kisukuma kina bugota, na mimi nilichukua neno la hospitali. Mtu aliyesoma huko aliko aliona mwanamke wa kijijini anayeomba ruhusa ya kunywa vidonge nyumbani kwake. Lazima alishangaa kwa nini anaombwa.

Nikaandika barua pepe ndefu siku hiyo hiyo, safari hii kwa neno sahihi. Nilijibiwa kwa adabu na haraka. Muda wa maoni ulikwisha, kiwango kimepitishwa, kinaanza msimu huu, na mapitio mengine yatakuwa baada ya miaka kadhaa. Niliwashukuru. Sijui niliwashukuru kwa nini.

Kumwambia dada kulinichukua wiki mbili. Nilikwenda mvua ikiwa imekolea, mbuga yote tope jeusi linalovua viatu. Nilimweleza kila kitu, na kosa langu nikalisema. Akauliza kama bado kuna nafasi ya kujenga.

"Ipo. Mkaguzi anakuja mwezi wa tano."

"Nafasi ipo," akasema. "Jua je?"

Tulijaribu. Nilichukua ruhusa ya siku nne kazini, nikafyatua tofali nyuma ya nyumba, nikazifunika kwa nyasi na turubai la kuazima. Mvua ya siku ya tatu ilikuja na upepo, ikafunua turubai. Asubuhi nilikuta safu zangu zimelainika, kona zimekwisha, zinaonekana kama vitumbua vilivyomwagiwa chai. Nikafyatua nyingine, na zile nazo hazikukauka hata nilipozigeuza. Jirani mmoja, anayemwita kila mwanamume ngosha, alisimama njiani akiangalia.

"Ngosha, huko Tunduma wanafyatua tofali masika?"

"Huko wanatumia bloku," nikamjibu.

"Basi ungezileta."

Dada alicheka mpaka akashika ubavu. Nilicheka pia, mikono imejaa tope, lakini hali niliiona. Nyumba ya miti na udongo tuliifikiria, ila kiwango kilitaka sakafu ngumu na mlango wa kufunga, na kwa ile mvua hata nguzo zilikuwa zinainama. Kwa majirani hakukuwa na msaada, kwa sababu nyumba zao zote zilikuwa na chaki mlangoni.

Kabla ya ukaguzi nilikwenda tena. Pamba ilikuwa imepasuka shambani, nyeupe, na nyingine tayari imechumwa na kumwagwa chumba cha katikati. Nilisimama mbele ya mlango nikaiangalia ile chaki.

"Dada, tufute hii."

"Futa," akasema. "Ukimaliza mlangoni, mdomoni mwangu utafuta na nini?"

"Si lazima useme."

"Nimewafundisha wanawake wangapi kusema ukweli kwenye daftari la mkaguzi? Watakuwepo hapa."

Sikufuta.

Mkaguzi alikuwa msichana wa mkoa mwingine, mpole, aliyejitahidi kusalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mama." Wanawake wa kundi waliokuja kusikiliza wakashangilia. Alitembea shamba lote na dada, akageuza majani, akaangalia chini yake, akasifia. Alisema hajaona shamba safi kama lile tangu aanze safari. Kisha wakarudi nyumbani na akafungua fomu mpya kwenye kishikwambi chake. Maswali ya zamani yalikwisha vizuri. Likaja jipya.

"Mama, jengo hili limepuliziwa dawa ndani ya mwaka mmoja?"

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Dada hakuniangalia.

"Limepuliziwa. Mwezi wa kumi na moja."

Msichana akaacha kubonyeza. "Chumba hiki cha pamba pia?"

"Vyote. Nina watoto humu."

"Mama, nikiweka ndiyo hapa, fomu inajifunga yenyewe. Hainipi mahali pa kuandika maelezo."

"Kwani umeulizwa maelezo?"

"Hapana."

"Basi weka, mwanangu. Usije ukaharibu kazi yako."

Nilianza kueleza habari ya maoni, neno la hospitali, tofali, mvua. Nilisema mengi. Msichana alinisikiliza mpaka mwisho, macho yamemlowa kidogo. Akasema anaelewa kabisa, na kwamba yeye anafuata fomu. Akaniomba namba ya simu ili amwulize mkubwa wake. Nilimpa. Aliuliza kweli, na alinipigia kweli, kuniambia kwamba mkubwa wake naye anaelewa.

Jina la dada likaondolewa kwenye orodha. Kurudi kunawezekana, lakini kwa kuanza upya, kuwa katika mpito miaka mitatu kama mtu aliyekuwa akipiga dawa za dukani maisha yake yote. Wenzake wawili waliondolewa naye. Wengine, wenye vighala vya bati vinavyotosha pamba yao tu, walibaki, na walikuja kumpa pole kana kwamba amefiwa.

Tulipeleka pamba yake kwenye kituo cha kawaida cha chama cha msingi, kwa mkokoteni wa ng'ombe. Karani alimfahamu. "Mayu, wewe si wa pamba hai?"

"Nilikuwa."

"Umekosana nao?"

"Tumeelewana mno," dada akajibu, na watu kwenye foleni wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Baada ya mzani vijana waliimwaga juu ya lundo. Dada alisogea, akaokota kiasi cha kiganja pale ilipoangukia, akakiangalia. Vijana wakamwaga gunia la mtu mwingine, kisha la mwingine. Akakirudisha kile cha mkononi mwake juu ya lundo, akapangusa kiganja kwenye kanga.

Nilidhani baada ya hapo ningeondoka, kama kawaida yangu. Nilishaulizia hata basi la Mpanda. Kila nilipotaka kufunga begi nilikuta sina pa kwenda ambapo ningeweza kuisimulia Nkololo kama nilivyozoea.

Msimu mpya ulipoanza, mkulima wa kawaida aligawiwa mbegu pamoja na chupa za dawa ya wadudu, na sasa dada alikuwa mkulima wa kawaida. Mwarobaini angeweza kuendelea nao, hakuna aliyemkataza, lakini pamba ya majirani pande zote ilipigwa dawa, na wadudu wote wakahamia kwake. Viwavi walikuwa ndani ya vitumba. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti, chupa iko mapajani, haijafunguliwa. Alikuwa amekaa nayo hivyo, wajukuu waliniambia, tangu asubuhi.

"Umekuja vizuri. Nisomee hii. Maandishi yake madogo kama chawa."

Nikaisoma. Upande mmoja ulikuwa Kiingereza na upande mwingine Kiswahili, na nilisoma pande zote mbili, polepole, nikirudia kila neno kabla ya kulisema kwa sauti. Kiasi cha kuchanganya. Kuvaa glovu. Kufunika pua. Kutopuliza upepo ukivuma. Alikuwa anaitikia kwa kila jambo kama anavyoitikia kanisani.

"Na hapa chini?"

"Hapa wanasema isihifadhiwe ndani ya nyumba wanamolala watu. Iwekwe kwenye jengo la peke yake, lenye mlango wa kufunga."

Alinyanyua uso akaniangalia kuona kama namtania. Alipoona sitanii, alianza kucheka, taratibu, mabega yanatikisika, chupa imeshikwa kwa mikono miwili isianguke.

"Haya, msomi," akasema. "Na hii nayo niilaze wapi?"

Nikatazama ua mzima. Wajukuu walikuwa wanatusubiri tuseme. Nikasoma tena yale maandishi, labda kuna mahali nimeruka.