Yoramu Aliyejigonga Jino Ili Afundishwe Kusoma

Mpaka saa hii nakataa. Yoramu yupi, huyu wa juzi aliyekuwa anacheka na ufizi mtupu? Walivyonipigia kutoka kwao Iyula kwamba amefariki, niliwaambia waache utani, mtani ni mimi.

Na kwa kuwa mtani ni mimi, msije kunisuta kwenye comments. Msibani kazi yangu ndiyo hii.

Vijana hamjui. Enzi za Mwingereza, huku Mbozi, kulikuwa na Madam mmoja mwenye shamba la kahawa, akafungua shule nyumbani kwake. Hakuna kiboko, hakuna kengele. Watoto wanafinyanga udongo, wanaimba, wanacheza na vitambaa vya rangi.

Baba yake Yoramu alikuwa mnyapara wa Madam, akamwingiza hapo. Sisi wa misheni tunachapwa mpaka kukaa ni shida, yeye anapita na ndege wake wa udongo. Tulimchukia kabisa.

Lakini sisi tulikuwa tunasoma. Madam alikuwa na sheria yake: mtoto hafundishwi herufi mpaka meno ya utoto yaanze kutoka. Ati mwili wenyewe ndio unasema uko tayari.

Sasa meno ya Yoramu! Magumu kama ya ngiri. Wenzake yanatoka, wanaitwa ndani kwenye herufi, yeye anabaki nje na udongo.

Na nyumbani mama yake kila Jumapili: "Yoramu, utanisomea lini Biblia?"

Jamaa akachukua jiwe, akajigonga jino la mbele mwenyewe. Akampelekea Madam kiganjani, damu mpaka kwenye shati, anatabasamu.

Madam akalia. Halafu akamwambia, "Hili halikutoka lenyewe, mwanangu. Tusubiri mengine." Akampa udongo.

Pale hapakuota kitu tena. Sisi njiani tukimwona: "Pengo, umesoma mpaka wapi?"

Mengine yalipoanza kutikisika, Madam anafunga mizigo arudi kwao. Shule ikawa ghala la kahawa. Misheni wakamwambia ni mkubwa mno kwa darasa la kwanza. Mama yake akafa hajasomewa hata mstari.

Tukaja wote Tunduma kubeba mizigo mpakani mwa Zambia, nikawa macho yake. Nilimtesa. "Mtani, kile kibao kinasema wenye mapengo wasivuke." Anasimama kweli, na gunia kichwani.

Mwezi uliopita jino lake la mwisho liling'oka. Akaja pale kwenye meza yangu ya kubadilishia kwacha. "Mtani, sasa yametoka yenyewe. Nianzishe."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka. Nikatafuta chaki.

Tulifika YORA. Ile R alikuwa anaigeuza, inatazama nyuma.

Kesho msalaba wako naandika mimi, Pengo, nimeshaomba rangi. Nitaandika mpaka tulipofika, na R yako hivyo hivyo imegeuka. Watoto wako wanune tu.

Ukimkuta Madam huko, mfunulie mdomo aone. Halafu ulale, mtani wangu.