Diski Tatu na Lori la Mgeta

Nilikuwepo, nimeona kwa macho haya, asinisimulie mtu. Ni katika duka moja la kompyuta hapa Morogoro mjini, kati ya haya yaliyochipuka tangu biashara iwe huria. Mwalimu wa kike kutoka Mgeta alirudisha diski tatu za kuwekea mfumo mpya wa kompyuta. Mitihani ya Jumatatu haijachapwa, na kompyuta ya shule ni moja tu.

"Kaka, ya kwanza inaomba ya tatu, ya tatu inarudi kuomba ya kwanza. Nimechomeka na kuchomoa kutwa nzima, mwisho kompyuta ikagoma."

Muuzaji, aliyezichoma mwenyewe, hakuinua hata macho. "Programu nimezipanga kwa alfabeti, mama. Ndiyo utaratibu."

"Utaratibu wa nani? Sisi kule Mgeta tukipakia lori, kabichi za Dar zinatangulia ndani, za kushuka hapa Msamvu zinakaa mlangoni. Hatupangi kwa majina! Hivi ulizijaribu hata mara moja?"

Muuzaji akaelekeza kalamu kwenye kibao ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi.

Hapo nikagonga meza, vikombe vikaruka. "Mpangie upya mwalimu, sasa hivi!" Jamaa akanywea, akachoma diski upya.

Huria gani hii, ya mtu kuuza asichokijaribu, halafu anajificha nyuma ya kibao?

Yote ni kweli tupu, isipokuwa mkono uliogonga meza na sauti iliyofoka. Vyote vilikuwa vya mwalimu. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nakisoma kile kibao kwa makini.