Leso Kwenye Uwanja wa Raga

Shangazi yetu anaishi Majengo, na kwa kuwa ni dada ya marehemu baba, mambo mazito ya nyumba yetu hupitia kwake. Lakini hili alinirudishia mimi. Alisema mimi ndiye niliyemlea mdogo wangu tangu mama alipofariki, kwa hiyo mimi ndiye niseme kama ataendelea na raga au ataacha. Kocha wake alitaka jibu mashindano ya Nairobi yakiisha, maana timu ya taifa ingeingia kambini na baada ya hapo kungekuwa na safari za nje. Shangazi hakuficha alichokitaka.

"Mwambie aache," alisema. "Akivunjika, utamjibu nini mama yako siku ya kiama?"

 Sikuwa na picha ya mchezo wenyewe kichwani. Mimi huuza nguo za watoto sokoni Gikomba. Niliacha shule kidato cha pili, tulipobaki watatu: mimi, kaka yetu wa kati ambaye sasa anachomelea vyuma Kariobangi, na huyu kitinda mimba. Nilichojua kuhusu raga ni kwamba nguo zake zilirudi nyumbani kwetu Tassia na matope yasiyokubali sabuni, na mwili uliozivaa ulirudi na alama.

"Nani amekupiga?" nilikuwa nikimuuliza.

"Hakuna aliyenipiga, dada. Niliangushwa tu."

Kwangu, hilo lilikuwa jambo moja lenye majina mawili.

Mashindano ya kimataifa ya wanawake yalipokuja Nairobi, yeye alikuwa mchezaji wa akiba. Aliniwekea tikiti kando ya sahani yangu. "Njoo uone kwanza," akasema. "Ukishaona, sema lolote. Sitabisha." Niliona hiyo ni haki. Basi Jumamosi, siku ambayo Gikomba hakuna anayefunga kibanda akiwa na akili timamu, nilifunga.

"Kuna harusi?" jirani yangu muuza viatu akaniuliza.

"Naenda raga."

"Ya wanawake? Si watavunjana hao?"

"Hicho ndicho ninachoenda kukitazama."

Uwanjani nilikaa karibu na mama mmoja muuza dagaa wa omena, mwenye lafudhi ya magharibi na filimbi shingoni. Aliniuliza ninamshangilia nani. Nikamwonyesha benchi, yule wa mwisho kabisa.

"Wa benchi hashangiliwi," akasema. "Wa benchi tunamwombea."

Nilimsumbua sana mama yule. Nilimuuliza mbona wanataka kwenda mbele lakini mpira wanaurusha nyuma. "Ndiyo sheria," akasema. "Mkono unarusha nyuma, miguu ndiyo inakupeleka mbele." Nilimuuliza wanatafuna nini muda wote, akanieleza ni kinga ya meno. Baadaye niliwaona wanawake wa visiwa vya mbali, wenye mapaja kama nguzo, wamepiga magoti duara moja na wale waliokuwa wakiwabwaga muda mfupi uliopita, wameshikana mabega, macho wameyafumba.

"Wanaomba nini?"

"Wewe nawe. Niende nikawaulize?"

Kufikia hapo nilikuwa nimeacha kuufuata mpira. Nilikuwa nawafuata walioanguka. Kila aliyebwagwa, macho yangu yalibaki kwake hadi ainuke, hata wenzake wakiwa wameshafika upande wa pili. Nilitaka kujua wanainukaje. Na niliona kitu ambacho sikukitarajia: hakuna aliyetanguliza mikono. Mtu wa kawaida akiteleza, mikono ndiyo hutangulia kujiokoa. Hawa walijikunja, bega likapokea, kisha mgongo, na mpira ukabaki kifuani kama mtoto mchanga. Wengine waliinuka kwa kushika mkono wa yuleyule aliyewaangusha.

Mechi ya mwisho ya siku ilikuwa yetu na timu kutoka nchi moja ya baridi. Tulikuwa tunashindwa. Mmoja wetu akatoka akichechemea, na kwenye benchi nikamwona mdogo wangu anavua koti. Ndani ya kaptura alikuwa na suruali nyeusi ya kubana hadi kwenye vifundo vya miguu, na nywele amezifunga kwa kitambaa cheusi. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana.

"Huyo ndiye wangu," nikasema.

"Mbona mdogo hivi?"

"Anakula vizuri."

"Sijasema anakula vibaya, mama. Nimesema mdogo."

Haukupita muda akapata mpira. Alikimbia kandokando ya mstari wa chaki, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba mtoto niliyemfundisha kuvuka barabara ana mbio za namna ile. Kisha mwanamke mmoja mrefu wa timu ile akatokea ubavuni, akamkumba kiunoni, wote wawili wakaenda chini. Kipenga kikalia. Yule mrefu akainuka. Wangu hakuinuka.

Kwetu, mwanamke akianguka mbele ya watu hafai kulala wazi. Azimie harusini au agongwe na boda boda, wanawake walio karibu humzungushia leso kabla hata ya kuuliza ana nini. Hakuna anayekufundisha. Unakua ukiona, na siku yako ikifika mkono unakwenda wenyewe. Nilipogutuka nilikuwa nimeshafika chini ya ngazi, leso nimeitoa mabegani.

"Mama, huku hakupitiki," kijana wa ulinzi akasema.

"Ni mtoto wangu," nikamwambia, nikapita.

Nyasi za uwanja ni laini kuliko zinavyoonekana kutoka juu, hilo nalikumbuka. Mwanamke wa huduma ya kwanza alikuwa amepiga magoti. Nikakunjua leso. Mdogo wangu alikuwa macho, mdomo wazi, anaitafuta pumzi. Alipoiona leso akanyoosha mkono kunizuia.

"Dada, usinifunike."

"Watu wote wanakuangalia."

"Waangalie. Ukinifunika watajua nimeumia, watanitoa." Akavuta pumzi. "Nimekaa benchi tangu asubuhi, dada. Hii ndiyo nafasi yangu."

Nilibaki nimeshika pembe mbili za leso, nisijue niifanyeje. Mwanamke wa huduma akawa anamuuliza maswali: uko wapi, mnacheza na nani, unaumwa wapi. Akajibu yote. "Ni pumzi tu ilikatika," akasema. Refa, ambaye naye alikuwa mwanamke, akanikaribia na kuniambia kwa upole, "Mama, tafadhali." Yule mrefu aliyemwangusha alikuwa bado amesimama palepale. Aliitazama leso, akanitazama mimi, kisha akasogea hatua chache na kusimama kati ya mdogo wangu na jukwaa lenye watu wengi, akawapa mgongo. Sijui kama alielewa. Mpaka leo najiuliza. Pengine alikuwa anakwepa jua.

Nikaikunja leso. Mdogo wangu akashika mkono wa yule mrefu, akasimama, akajipangusa magoti. Refa akampa ishara aendelee.

Niliporudi jukwaani watu walinipigia makofi, na mama wa omena alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Umeonekana kwenye ile skrini kubwa. Leo mchezaji bora ni wewe."

Macho yangu yalikuwa yamerudi uwanjani, maana yule mrefu alikuwa na mpira na anakuja, na mbele yake alikuwa amebaki mmoja tu, naye ni wangu. Mdogo wangu hakumngoja. Aliingia chini, akaizoa miguu yote miwili, na yule mwanamke akaanguka urefu wake wote. Mama wa omena alipuliza filimbi sikioni mwangu. Tulishindwa hata hivyo, lakini wangu alicheza mpaka mwisho.

Mechi ilipokwisha alinijia kwenye uzio, uso una jasho na vumbi.

"Ulipokuwa pale chini uliogopa?" nikamuuliza.

"Niliogopa nilipokuona wewe."

"Nani aliwafundisha kuanguka vile?"

"Kocha. Wiki za mwanzo tulikuwa tunaanguka tu. Mpira hata hatukupewa."

Nilirudia swali kuhakikisha nimesikia sawa. Wiki kadhaa, kuanguka tu? Akacheka, akasema ndiyo, kwa magoti kwanza, kisha kwa kuchuchumaa, kisha kwa kukimbia. Nilikuwa nimedhani kwamba raga ni kungoja kuangushwa. Sikujua kuanguka kwenyewe ni kazi, na kwamba kuna mtu alikaa na mdogo wangu akamwonyesha.

"Nionyeshe."

"Hapa?"

"Hapa."

"Kidevu kifuani," akasema. "Mikono iwe karibu na mwili. Geuza bega." Nikajaribu kwa kusimama tu, kidevu kifuani, bega kwenye uzio, buibui langu likanasa kwenye waya, naye akalinasua.

"Kambi inaanza lini?" nikamuuliza.

Akanikazia macho. "Jumatatu."

"Basi leo tufue. Matope yale hayatoki haraka."

Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nimekuona kwenye televisheni ya jirani. Majengo yote wamekuona. Mbona hukumfunika mtoto?"

"Alinikataza. Alikuwa hajamaliza kucheza."

 Nyuma yake nilisikia sauti za wanawake, wengi, na mmoja akisema, "Mwulize, mwulize."

"Kwa hiyo umeamua aende."

"Nimeamua, shangazi."

"Na akivunjika?"

"Nitamuuguza. Mama angejua nitamuuguza."

Alivuta pumzi ndefu. Nilingoja mzigo wa maneno. Badala yake akashusha sauti, kama anayeuliza jambo la aibu.

"Na wale wanaomwinua mwenzao juu kwa mapaja, mbele ya umma wote ule, wanamtafutia nini huko juu?"

Hilo nililiona pia, na katika maswali yangu yote lilinipita.

"Sijui, shangazi. Ngoja nikupe mwenyewe."

Nikamkabidhi mdogo wangu simu. Alimwamkia, akasikiliza, kisha akaanza kumweleza polepole jinsi mpira unavyorushwa kutoka kando na kudakwa juu, mkono mmoja ameunyoosha juu angani kana kwamba shangazi anamwona.