Mtani alivyotia grisi kwenye sanda ya baba, na nilivyoitoa

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu, kama mpo, shikamooni.

Juzi kijana mmoja aliuliza namna ya kutoa grisi ya mnyororo wa pikipiki kwenye shati jeupe. Alijibiwa mengi, mengine ya kumharibia shati. Nikaanza kumjibu kwa ufupi, nikaona siwezi kueleza bila kusema nilikojifunzia. Ndiyo maana nimefungua uzi wangu. Niliyoyaona nayaandika, nisiyoyaona nayaacha.

Ni zamani, Mwingereza bado yupo Tanganyika. Kwetu ni Ng'ambo, Tabora.

Baba yangu alikuwa kibarua wa reli. Kazi yake ilikuwa kupaka grisi magurudumu ya mabehewa pale stesheni. Sisemi fundi, hakuwa fundi. Alikuwa anapaka grisi.

Nguo zake za kazi tulizifua mama na mimi, tangu nikiwa mdogo mpaka nilipoolewa Urambo. Kwa hiyo grisi naijua.

Alifariki asubuhi, kwa ugonjwa wa kifua. Nilikuwa nimekuja kumuuguza. Hapo sitaeleza zaidi.

Sanda yake alikuwa ameinunua mwenyewe akiwa mzima. Bafta nyeupe, akaiweka kwenye sanduku la bati na kumwambia mama, "Siku yangu ikifika usimsumbue mtu." Mama aliitoa, akaitandaza juu ya mkeka barazani, ili wanaume waje kuikata.

Sasa hapa nieleze kidogo kwa vijana wasiojua utani.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kupita kwao. Ukifiwa, mtani ana haki. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, akamwigiza, akamsema vibaya, akateka kitu mpaka apewe kuku. Na wewe mfiwa huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aliyekosa ni wewe.

Mtani wa baba aliitwa Kibwana, Mzaramo, walifanya kazi pamoja. Alipofika msibani alipitia uani kwanza, akaikuta ovaroli ya baba imetundikwa kwenye msumari, haijafuliwa. Akaivaa.

Akatokea barazani mikono mfukoni, mabega juu, anaburuta mguu wa kushoto. Ndivyo baba alivyotembea, sawasawa kabisa. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka.

"Nyie Wanyamwezi," akasema, "mmebeba mizigo ya watu mpaka mmeota sugu mabegani. Leo mzigo ni wenu wenyewe, tuone kama mnaujua!"

Mjomba akamjibu, "Toka hapa, mla nazi! Tutakufukia wewe kwanza."

"Nifukieni, lakini nikiwa nimeshiba. Shemeji! Kuku yuko wapi? Huyu bwana wako aliniahidi kuku tangu Idi. Kafa makusudi huyu, anaogopa kumchinja!"

Mama mwenyewe alicheka. Nilimwona.

Ndipo Kibwana akachomoa mikono mfukoni na kuinyakua sanda. "Naiteka hii! Hazikwi mtu hapa!"

Kumbe ndani ya mifuko ile baba alikuwa akiweka matambara ya kufutia grisi, na Kibwana alikuwa ameyakamata muda wote akimwigiza. Alipoinua sanda juu, sote tuliona. Kiganja kizima na vidole vyake, vyeusi, katikati ya bafta.

Kicheko kilikatika.

Kibwana akasema, "Basi, nimeshatia muhuri." Hakuna aliyecheka.

Shangazi akakimbia na ndoo ya maji, akalowesha pale na kusugua kwa nguvu. Kijana wa pikipiki, soma hapa vizuri. Maji kwanza ni kosa. Grisi haijali maji, inasambaa tu. Alama iliyokuwa kiganja ikawa sahani.

Shehe akaitwa. Akaitazama, akasema grisi si najisi, sanda inafaa, marehemu azikwe bila wasiwasi. Mjomba akasema ikibidi atatafuta bafta nyingine.

Mama akakataa yote mawili. "Hiyo ndiyo aliyoinunua. Na miaka yote aliingia mlangoni kwangu na grisi. Kwa Mola wake hataingia nayo."

Akanigeukia. "Mwajuma, una mpaka alasiri."

Nikaichukua nikaenda nayo uani.

Kwanza nilikamua maji na kuianika pale penye alama mpaka pakauka. Jua la Tabora mnalijua. Kisha nikakwangua grisi kwa ubavu wa kijiko, taratibu, bila kusugua. Nikatia kitambaa safi chini ya bafta, juu nikamwaga unga wa muhogo, nikauacha unyonye, nikaukung'uta. Unga ulitoka wa kijivu. Nikarudia kwa unga mpya.

Jirani mmoja akaleta mafuta ya taa. Yanatoa, sikatai. Lakini harufu yake haiondoki upesi, na ile ilikuwa sanda.

Nikachukua mafuta ya karanga, kidogo tu kwenye ncha ya kidole, nikapaka juu ya alama. Jirani akashangaa: "We Mwajuma, mafuta juu ya mafuta? Msiba umekuvuruga." Lakini grisi ni nzito, na mafuta mepesi huilainisha ikaachia uzi. Nikafuta kwa tambara kuanzia pembeni kuja katikati, ili isitanuke. Hapo ndipo nikapaka sabuni ya mche, kavu, mpaka ikajaa. Mwisho kabisa ndiyo maji, ya moto kiasi mkono unavyoweza kuvumilia.

Nilikuwa narudia hivyo alipokuja Kibwana. Ameivua ovaroli, amenawa mpaka viwikoni.

"Binti, nishike wapi?"

"Shika pembe hizo. Katikati usiguse."

"Nimenawa."

"Usiguse tu, baba."

Akashika pembe. Baadaye mtu yule wa maneno mengi alisema neno moja tu, "Angenicheka sana huyu," akageuza uso upande wa ukuta.

Mafuta yalitoka yote. Ukipitisha kidole husikii utelezi. Lakini grisi ya magurudumu ina unga wa chuma ndani yake, na ule weusi hauyeyuki. Palibaki kivuli cha kijivu, hafifu, lakini kipo.

Muda ukaisha. Mzee aliyesimamia kuosha maiti akatoka kuja kuchukua sanda. Nikaipeleka kwanza kwa mama chumbani, naye akanifuata mpaka mlangoni. Kulikuwa na giza mle na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Imetoka?"

Kibwana alikuwa mlangoni. Akaninong'oneza, "Mwambie imetoka. Hawezi kuona."

Nikasema, "Haijatoka yote, mama. Weusi kidogo umebaki."

Yule mzee akakohoa, akasema, "Na sisi, bibi, kucha zake zimetushinda. Tumesugua kwa kijiti, tumeogopa kumuumiza. Weusi umebaki."

"Mikono yote miwili?"

"Yote miwili."

Mama akapapasa sanda, akaikunja, akampa. "Basi mvisheni. Kucha zile zilinishinda mimi tangu ananioa."

Alizikwa baada ya alasiri. Makaburini sikwenda, wanawake hatuendi.

Kwa hiyo, kijana, shati lako usilikimbilie na maji. Kwangua, unga, mafuta mepesi, sabuni kavu, halafu maji. Usilipige pasi kabla hujahakikisha, joto hugandisha kilichobaki. Na mwenye nguo akikuuliza kama imetoka, mwambie ilivyo.

Ule weusi wa chuma mpaka leo sijui dawa yake. Mwenye kuijua aandike hapa chini, nitasoma. Nasoma polepole, lakini nitasoma.