Binti Aliyetolewa Bila Inkwano

Huseni, fundi wa radiateri za magari pale mtaa wa Jabe, aliota mvi za kwanza ndevuni bila kuoa. Si kwamba hakupenda. Marehemu baba yake alimwachia kazi ya kulehemu, mama mgonjwa na dada wa kuozesha. Alipomaliza kuzika na kuozesha, wenzake aliocheza nao mpira walikuwa wanaitwa baba fulani. Alipeleka posa mara mbili, na mara zote wazee wake walirudi kimya, maana inkwano iliyotajwa, hiyo mali wanayodai wazazi wa binti, ingemtosha mtu kununua gari na radiateri yake.

Na hapa mjini, kapera haangaliwi vizuri. Mwenye nyumba akiwa na mabinti uani, atamwambia chumba kimeshachukuliwa. Betri ya teksi ikiibwa, mlango wa kapera ndio unaogongwa kwanza. Huseni aligongewa mpaka akazoea: anafungua, anasogea pembeni, wapekue waende zao. Kidogo kidogo na yeye akawa mtu wa kupekua. Akisalimiwa kwa furaha, alijiuliza yule anataka nini.

Siku moja gari dogo la abiria wa Gatumba lilichemka mbele ya kibanda chake. Ndani alikuwamo Assia, muuza vitenge huko huko Gatumba, mpakani mwa Kongo, binti wa Mzee Radjabu fundi cherehani. Naye hakuwa msichana tena.

"Fundi, unaitengeneza ao unaisomea dua?" aliuliza.

"Vyote viwili, mama. Hii gari imezeeka."

Alicheka. Kuanzia siku hiyo, kila akipita alisalimia, na Huseni hakujiuliza anataka nini. Baada ya mvua kwisha, akatuma wazee.

Wazee walikwenda wamejiandaa kubishana, kama desturi ilivyo: hawa wanapandisha, wale wanashusha, mpaka chai inapoa. Mzee Radjabu akawakatisha.

"Inkwano mi siitaki. Mutampa mutoto mahari yake, kile atasema mwenyewe. Basi, tusome Fatiha."

Wazee walisoma Fatiha huku wakitazamana. Waliporudi kumweleza Huseni, mmoja alisema pole pole, "Ile nyumba iko na kitu."

Tajudini, rafiki yake muuza matairi makuukuu, ndiye aliyelipulizia moto jambo hilo.

"We unafurahia nini? Mutu akipunguza bei ya kuku, unashukuru. Akikupa kuku bure, unamufungua mudomo kwanza, uone kama haina ugonjwa."

"Ni mutu wa dini, labda."

"Dini? Binti yake mukubwa alimutoa kwa ng'ombe wa kweli, wa kutembea. Siku ile dini ilikuwa wapi?"

Basi. Wasemao rahisi ni ghali hawakukosea, maana tangu siku ile Huseni hakulala vizuri. Kila kitu kikaota mkia. Assia akilala Gatumba kwa shangazi yake, kwa nini alale? Simu ikilia akasogea pembeni, nani huyo? Mkewe Radjabu alipomkaribisha chai akainamisha macho, ile ilikuwa heshima au aibu? Hata Mzee Radjabu alipomuuliza, "Mwanangu, we ukiwa na hasira unakwendaka wapi?", Huseni alilizungusha swali lile kutwa nzima, akilitafutia mtego.

Mwisho akamtuma Tajudini mpakani. "Uliza, lakini pole pole."

Tajudini hana pole pole. Aliuliza kama anayetangaza matairi, na yale maneno yake ya kuku wa bure akayarudia kila meza. Alipita kwa wauza vitenge, kwa wauza unga, kwa wale waliohamisha meza zao tangu mafuriko yalipowafukuza: Assia ana bwana Uvira, ng'ambo ya mpaka? Ana mtoto kule? Alipokaa kunywa chai, swali lilikuwa limeshakuwa jibu. Magari yakalibeba. Tajudini aliporudi Jabe na habari kwamba hakupata habari, mtaa mzima ulishajua kuwa Assia ana mtoto Uvira.

Mzee Radjabu alimwita Huseni. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa mchana kweupe.

"Ungeniuliza mimi," alisema.

Huseni akaketi kwenye kigoda cha wateja.

"Unamukumbuka mutoto wangu Djibril?"

"Namukumbuka, baba. Alikwendaka Kongo kutafuta kazi."

"Tulisema kazi. Alipenda mutoto wa watu, wakamutajia inkwano ya kumuua. Akaja kwangu, nami nilikuwa nimeshakula ile ya dada yake. Nikamwambia angoje. Akangoja, akangoja, akawa mukali, hasalimu mutu. Halafu watu wa bunduki wakamwambia huko porini mwanaume anaheshimiwa, akawafuata." Akanyoosha kitambaa cha cherehani. "Mutaa wenye vijana wasioweza kuoa, hata watu wafunge milango namna gani, hawatalala. Nikaapa, mutoto aliyebaki sitamuuza. Ndiyo kitu naficha. Umekipata."

Assia akatoka chumba cha nyuma. Alikuwa amesikia yote.

"Baba amesamehe, naona," alisema. "Mimi bado. Jina langu umelichafua Gatumba, hapa Jabe nimepata mabaki ya maneno tu. Kesho nitakuwa kwenye meza yangu. Kama unanitaka, kuja useme pale. Kama hutaki, Fatiha irudi kwa wenyewe."

Huseni alikwenda. Aliposhuka garini Gatumba, wanawake wa sokoni walimjua kabla hajasalimia.

"Polisi ya ndoa imefika," mmoja alisema. "Toeni watoto muliowaficha."

"Apana, huyu ni dokta. Anapima kuku."

Walimcheka wakishika viuno. Assia alikunja kitenge, hakuinua kichwa. Huseni alisimama katikati ya meza, mikono yake ya mafuta hana pa kuiweka.

"Mi ndiyo nilimutuma ule mutu," alisema. "Assia hana bwana, hana mutoto. Hakuna mutu aliniambia ubaya wake. Niliutafuta mimi."

"Uliutafuta kwa nini?" Assia akauliza, sasa anamtazama.

"Miaka yote betri ikipotea wanakuja kwangu. Nimezoea. Mutu akinipa kitu kwa roho safi, naona ni kitu cha wizi, nangoja wanifunge."

Mmoja wa wanawake akasema, "Masikini," na haikujulikana kama ni huruma au dhihaka.

Assia alifunga furushi lake, akampa alibebe.

"Sema na baba, iwe Ijumaa. Na ule Tajudini, nyumbani kwangu asikanyage."

Watu waliona ni maneno ya hasira tu. Lakini siku ya harusi Tajudini alipelekewa pilau yake barazani kwa jirani, akaila huko akiwa na suti yake, na Huseni hakuthubutu kumtetea.