Pingamizi la Orpah

Orpah Nyarangi alikuwa na wivu, na tusizungushe maneno. Wivu wenyewe haukuwa wa mume wala wa shamba. Ulikuwa wa maktaba ya vitufe vya simu.

Utacheka, lakini ngoja kwanza. Kampuni yao ndogo ilikuwa na ofisi mbili, moja Migori mjini na nyingine Homa Bay, na ilitengeneza programu za simu za vyama vya ushirika. Zamani kila mtu alijichorea apendavyo: huku kitufe cha kuhifadhi ni kijani, kule ni chekundu, mkulima wa watu hajui abonyeze wapi. Orpah ndiye aliyesema basi. Alikusanya vipande vyote vya skrini, vitufe, visanduku vya kujazia, maonyo, akaviweka mahali pamoja, ndiyo maktaba yenyewe, ili ofisi zote mbili zichukue humo humo. Akatunga na sheria. Yeyote aweza kuleta kipande kipya, na yeyote aweza kukipinga. Ila anayepinga lazima akipeleke mwenyewe kwa watumiaji, arudi na jibu. Sheria hiyo aliionea fahari kuliko digrii yake.

Halafu akaja Terry.

Terry aliajiriwa Homa Bay, msichana wa kucheka ovyo, na kila kipande alicholeta kilipita. Kwenye mkutano wa Alhamisi, ofisi zote mbili zikionana kwa video, watu wakaanza kusema tumuulize Terry. Tumuulize Terry! Na Orpah aliyeianzisha kazi yote amekaa hapo hapo, anatazamwa kama mgeni. Roho ilimuuma hadi chai ikamshinda. Ndipo Boaz, mkubwa wao, akatangaza kwamba maktaba imekua, sasa inahitaji mtunzaji mmoja mwenye neno la mwisho, na wafanyakazi watampigia kura. Orpah alikitaka kiti hicho kuliko kitu chochote duniani.

Wiki hiyo hiyo Terry akaleta kipande cha kuandikisha ng'ombe. Kile cha Orpah, kilichokuwamo tangu mwanzo, kiliuliza idadi tu: andika namba, endelea. Terry alikuwa amewapigia simu wafugaji wa Kehancha, akaambiwa kwamba watu wengi kule hawapendi kutaja hesabu ya mifugo yao, ni kujitakia mkosi. Chake kilimwacha mfugaji aingize ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi au jina, na jumla haikuonekana popote kwenye skrini.

Sasa hebu fikiria. Orpah ndiye Mkuria. Amekulia Kehancha, na nyanya yake aliwahi kumchapa kwa kunyooshea ndama kidole akiwahesabu. Alilijua jambo hilo kabla hajajua kusoma, ila alipotengeneza kisanduku chake cha idadi aliliona la kizamani, akalipita. Leo mtoto wa ziwani ndiye wa kumfundisha habari za ng'ombe? Akaweka pingamizi papo hapo.

Sheria ni yake mwenyewe, basi akafunga safari hadi Kehancha kwa Gisiri, mdogo wa marehemu baba yake. Kwanza alimpa simu yenye kisanduku chake. Gisiri akaitazama, akaandika moja, akamrudishia. Moja, na zizi limejaa hadi mlangoni! Akampa kipande cha Terry. Mzee akaanza: yule mwenye baka, yule wa mahari ya binti yake Priscilla, yule mkorofi aliyevunja uzio. Akalimaliza zizi zima akitabasamu, kisha akauliza ni nani aliyefikiria hivi.

"Ni sisi, baba mdogo," Orpah akasema, na macho akayapeleka pembeni.

Alhamisi akatoa jibu mbele ya wote: kipande kimeshindwa, mzee alichanganyikiwa, akaacha katikati. Alikuwa amejiandaa kwa vita. Alitaka Terry abishe, avimbe, aonyeshe kiburi, ili naye apate pa kumchukia. Terry aliitikia tu kwa kichwa. Kabla ya kura akaomba kusema neno. Alisema mtunzaji anayefaa ni mtu wa kwenda hadi zizini kabla ya kukataa kitu, na kwa hiyo yeye kura yake anampa Orpah. Wengine wakafuata.

Kiti kikawa cha Orpah. Boaz akampongeza na ofisi ya Homa Bay ikapiga makofi.

Wenzao walipoondoka, Terry alibaki kwenye skrini.

"Dada Orpah, sasa ruhusa ni yako," akasema. "Kile kipande cha ng'ombe nikifute?"

Orpah alimtazama sana. Hakuona hata chembe ya kinyongo usoni mwake, na hapo wivu ukampanda upya, mkali kuliko ule wa kwanza. Msichana ameshindwa, na bado leo atalala usingizi wake mzuri.

"Kifute," akasema.

Terry akamshukuru, akakifuta.