Vasemaca Apanda Basi la Mjini

Alipokatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari, jirani yangu Vasemaca aliacha kwenda mjini isipokuwa kwa teksi ya Mahendra. Mahendra alikuwa mtu mwema. Alimbeba kutoka mlangoni, akamketisha, akamfunga mkanda, na kila mara Vasemaca alirudi kanuna.

"Ananibeba kama kapu la magimbi," aliniambia. "Mimi niliyeuza samaki soko la mjini Suva tangu usichana!"

Alipopata mguu wa bandia akaanza mazoezi kwenye ngazi za kanisa, huku binti yake, Ulamila, akimshika kiuno na kumsihi aache. Hakuacha. Kisha akaanza kusimama kituo cha basi cha mtaani kwetu, Raiwaqa. Mabasi yalimpita. Dereva akiona fimbo na ule mguu, anatazama pembeni na kukanyaga mafuta.

Asubuhi moja mvua ilinyesha kwa fujo, nami nilikuwa ndani ya basi, maturubai ya madirishani yameteremshwa. Tulipofika kituoni kwake abiria mmoja akataka kushuka, basi likasimama. Vasemaca akaukamata mlango.

"Bibi, chukua teksi," dereva alisema. "Utatuchelewesha."

"Teksi nimepanda hadi nimechoka. Leo nimekuja kwako, mwanangu. Zima injini upumzike."

Watu wakacheka. Kijana mmoja akanyanyuka amvute mkono.

"Keti!" Vasemaca akamkemea. "Nimekuita?"

Akaweka fimbo kwapani, akashika bomba, akapandisha mguu mzima. Ule wa bandia ukateleza kwenye maji. Basi zima tukavuta pumzi kwa pamoja. Akaning'inia kwa mikono yake ya sokoni, akatukana kidogo, akaupandisha tena. Ukashika.

"Bado ngazi moja, mama!" akapaza sauti mwanamke wa nyuma.

"Naiona, sina upofu!"

Alipokanyaga sakafu ya basi, kelele zilizuka hata dereva akajikuta anapiga makofi. Vasemaca alikaa kiti cha mbele, maji yakimchuruzika, uso umemng'aa kama bibi harusi.

"Haya, twende," akamwambia dereva. "Unatuchelewesha."

Tangu tulipoondoka tulisikia honi nyuma yetu, haikomi. Nikainua turubai. Alikuwa Mahendra. Kumbe alikuwa ameegesha ng'ambo ya kituo, tayari kumwokota kama angeanguka; sasa anatufuata na teksi tupu, kichwa nje mvuani, anapiga honi kama msafara wa harusi.

"Yule mwehu atalowa," Vasemaca alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Kituoni mjini alishuka mwenyewe, polepole, na hakuna aliyelalamika. Wanawake wa samaki walipomwona akivuka kuelekea sokoni kwa miguu yake, waliacha wateja wakamkimbilia.

"Nani kakuleta?" wakamuuliza.

"Basi," akasema. "Kwani ninyi mnakujaje?"